Delfinia za mwituni: zijue kwa shina na mzizi kabla hazijachanua

Msimu wangu wa kwanza kuchunga ng'ombe kwenye milima ya magharibi mwa Colorado nilikabidhiwa jembe la kipini kifupi, nikaonyeshwa bonde lenye miti ya aspeni, nikaambiwa nichimbue kila mche wenye jani lililopasuka kama vidole vya mkono. Nilichimbua kutwa. Jua lilipoanza kuinama akapita mzee mmoja mwenyeji wa Kivu, mtu wa miaka mingi kwenye kazi ile. Akaokota mche mmoja kwenye rundo langu, akaugeuza mara mbili, akautupa.

"Mdogo wangu, hii haiko yenyewe."

Akanionyesha. Majani ya shinani yanatoka mawili mawili, yanatazamana. Shina linanata vidoleni. Penye kifundo pamevimba kama goti la mtoto. Nilikuwa nimemaliza jeranio la porini, jirani asiye na hatia. Delfinia yenyewe, ile inayoua ng'ombe, ilikuwa imesimama hatua tano kutoka pale, imenawiri, haijaguswa.

Naandika haya kwa wale kati yetu, wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, waliojikuta kwenye kazi za mifugo huko Utah, Idaho, Colorado na Wyoming. Naandika pia kwa mtu wa nyumbani aliye nyanda za juu, maana delfinia tunazo hata sisi na nitafika huko. Kosa ninalolikuta kila mwaka ni moja. Watu hufundishwa kuitambua kwa ua. Ua ni la buluu, zuri, ukiliona mara moja hulisahau. Lakini kwa delfinia ndefu za milimani, ua likishatokea ndipo ng'ombe wanapoanza kuila, na wewe bado hujaita lori la kuwahamisha. Tena zile za mlimani na zile za bondeni hazina kalenda moja. Ukikosea spishi, unaondoa ng'ombe mahali salama na kuwapeleka kwenye sumu.

Kwanza uwe na hakika ni delfinia

Ukilikuta limechanua, hesabu. Vipande vya nje vyenye rangi ni vitano. Wengi hudhani ni petali, kumbe ni sepali, vile vipande vinavyofunika tumba. Cha juu kimevutwa nyuma kikawa mrija mwembamba uliochongoka, mfano wa kikwaru, ule ukucha wa nyuma ya mguu wa jogoo. Ndani mna petali nne ndogo. Mbili za juu zimeingiza mikia yake kwenye huo mrija, ndimo nekta inamokaa. Mbili za chini zimefunika stameni kama viganja. Wagiriki walitazama tumba kabla halijafunguka wakaona pomboo, ndiko lilikotoka jina delfinia. Waingereza wakatazama kikwaru, wakamkumbuka ndege kipozamataza na ukucha wake wa nyuma, wakaliita larkspur. Kwa kazi yetu naona Waingereza walitazama vizuri zaidi, maana kikwaru kikikosekana, si delfinia.

Ua likidondoka huacha viganda vitatu vilivyosimama pamoja, mara nyingine zaidi, kila kimoja kikipasuka upande mmoja tu na kumwaga mbegu. Hesabu hii ni ya maana karibu na nyumba za watu. Kuna delfinia ya mwaka mmoja, Consolida, iliyoletwa kwa ajili ya bustani ikatorokea kandokando ya barabara. Ua lake linafanana na la ndugu zake, lakini kiganda ni kimoja. Nayo ina sumu pia, ila haina mzizi wa kudumu. Ukiifyeka kabla haijamwaga mbegu umeipunguza sana.

Sasa tuache maua, tushike jani. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu mimea mitatu ya jirani hukua humo humo na ina jani la vidole.

Jeranio nimeshalisema. Ongeza hili: pale kikonyo cha jani kinapotoka kwenye shina, jeranio lina vijigamba viwili vidogo vyembamba kama karatasi. Delfinia haina. Na majani ya delfinia hupishana shinani, moja huku, jingine kule juu kidogo. Mapema sana, wakati mche una majani ya chini tu na shina halijapanda, jeranio na delfinia zinaweza kukudanganya hata wewe mzoefu. Wakati huo tafuta mabua makavu ya mwaka jana yaliyolazwa na theluji. Delfinia ndefu huacha mabua matupu ndani, mepesi, yanayopondeka mkononi kama mirija ya soda.

Lupini ni rahisi. Jani lake limegawanyika kabisa, vijani vyote vikitoka kwenye nukta moja kama spoki za baiskeli, na unaweza kukichomoa kimoja bila kuwagusa wenzake. Jaribu hivyo kwenye delfinia utararua jani zima, kwa sababu vidole vyake vimeungana kwenye kiganja.

Akoniti ndiyo mtihani. Ni ndugu wa ukoo mmoja na delfinia, inapenda sehemu zile zile zenye unyevu kando ya vijito, na jani lake ukiliweka juu ya jani la delfinia ndefu unaweza kushindwa. Spishi inayopatikana zaidi huko ni Aconitum columbianum. Ikichanua, sepali ya juu ni kofia iliyofunika uso, haina kikwaru. Kabla ya kuchanua, chukua kisu ukate shina karibu na ardhi. Shina la delfinia ndefu lina uwazi katikati, unaweza kupuliza. Shina la akoniti limejaa nyama laini nyeupe, kama bua la muhindi. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, ila kina mpaka wake: ni cha delfinia ndefu zilizokwisha kupanda. Delfinia fupi shina lake ni jembamba mno, kisu hakikwambii kitu. Na vaa glavu, maana akoniti nayo ina sumu kali, tena ya aina nyingine.

Ndefu, fupi, na ya tambarare

Amerika Kaskazini ina spishi za delfinia zaidi ya hamsini, na hakuna mchungaji anayezihitaji zote. Mfugaji wa magharibi huzigawa makundi matatu, na mgawanyo huo unatosha kukuokoa ng'ombe. Ndani ya kila kundi kuna spishi moja hadi tatu za kuzijua kwa jina.

Delfinia ndefu hukaa juu, kwenye malisho ya kiangazi: mabonde ya aspeni, kingo za misitu ya misonobari, sehemu ambako theluji hukawia kuyeyuka na udongo ni mzito. Hutoa mashina mengi kutoka kisiki kimoja kigumu chini ya ardhi, na shina moja linaweza kufika mita moja na nusu hata mbili. Ukisimama ndani ya kichaka chake unaona ng'ombe migongo tu.

Ya kwanza kwa ubaya ni Delphinium barbeyi, ya Colorado, Utah ya kati na kusini, na majimbo jirani. Shada lake la maua ni fupi, nene, limejaa. Ua ni la zambarau iliyokolea. Pitisha kidole kwenye vikonyo vya maua: vina vinyweleo vya rangi ya manjano vinavyonata. Mimi huwa nakibonyeza kikonyo halafu natazama kama kidole kimebaki na ung'avu. Vidole vya jani ni vipana, vimechongoka nchani.

Ya pili ni Delphinium occidentale, iliyoenea zaidi upande wa kaskazini na magharibi: Idaho, Utah, Nevada, Wyoming, Montana. Shada lake ni refu na jembamba, maua yameachana, rangi kwa kawaida imefifia kuelekea buluu nyepesi. Shina mara nyingi lina utando mweupe wa nta, ule unaouona kwenye jani la kabichi, na ukilifuta kwa gumba alama ya gumba hubaki. Wataalamu wa mimea wengine huihesabu kuwa chotara wa barbeyi na Delphinium glaucum, delfinia ndefu ya Sierra Nevada hadi Alaska. Ukitembea pale zinapokutana utawaelewa, kwa sababu utakuta mche wenye shada la huyu na vinyweleo vya yule. Usipoteze asubuhi nzima kuamua. Wote wawili wanafuata kalenda moja.

Lakini jambo moja kuhusu occidentale lifahamike, kwa sababu limewafanya wafugaji wabishane miaka mingi: mmoja anasema delfinia ya mlima wake haiui, mwingine mlima wa pili amezika ng'ombe. Wote wawili huenda wanasema kweli. Maabara ya serikali ya mimea yenye sumu iliyoko Logan, Utah, imeonyesha kwamba ndani ya spishi hii kuna jamii za mimea zenye kundi la alkaloidi, yaani kemikali za sumu za mmea, zilizo kali mno, na jamii nyingine hazina kundi hilo kabisa, ingawa kwa macho mimea ni ile ile. Kwa hiyo ukishajua ni occidentale, kazi haijaisha. Peleka sampuli ikapimwe. Kwa barbeyi mimi sisubiri kipimo.

Delfinia fupi ni dunia nyingine. Hizi hazifiki kiuno, nyingi ni sentimita 15 hadi 60, na hukaa chini zaidi: kwenye vichaka vya sejibrashi, vile vya majani ya kijivu yenye harufu kali, na kwenye nyasi za vilima. Huchipua mara theluji inapoondoka, huchanua Aprili hadi Juni kutegemea mwinuko, halafu hukauka na kupotea kana kwamba hazikuwapo. Mgeni akija Julai akatembea shamba lote atakuapia kwamba hakuna delfinia.

Iliyo kila mahali ni Delphinium nuttallianum. Ichimbue, usiing'oe. Ukiivuta kwa mkono shina hubaki mkononi na mzizi hubaki ardhini, kwa sababu pale shina linapounganika na mzizi limekuwa jembamba kama uzi. Chimba taratibu pembeni utakuta kiazi kidogo, au vichache vimeshikana, karibu na uso wa udongo. Hicho kishingo chembamba na kiazi kifupi ndiyo kitambulisho chake kuliko ua.

Mwenzake anayechanganywa naye ni Delphinium bicolor. Mzizi wake ni mrefu zaidi. Ua lake lina rangi mbili zinazopishana waziwazi: sepali za buluu nzito, na petali za juu nyeupe zenye mishipa ya zambarau. Kama una kioo cha kukuzia, tazama zile petali mbili za chini. Za nuttallianum zimepasuka katikati, mpasuko wa kuonekana. Za bicolor zimekatwa kidogo tu ukingoni, karibu ni nzima. Nimeeleza haya kwa ajili ya anayependa kujua. Mchungaji mwenye ng'ombe mia mbili mlangoni hahitaji kioo: ikiwa ni fupi, ina kiazi, iko kwenye sejibrashi, atumie kalenda ya delfinia fupi.

Kundi la tatu ni la Delphinium geyeri, delfinia ya tambarare, kaskazini mwa Colorado na mashariki mwa Wyoming hasa, pale milima inapoisha na nyasi fupi zinapoanza. Kimo chake kiko katikati, kwa hiyo mgeni huiita fupi akakosea. Tazama mambo mawili. Jani lake limekatwakatwa vipande vyembamba sana, vingi, vyenye vinyweleo laini vinavyolipa rangi ya kijivu, na karibu majani yote yamejikusanya chini. Mzizi wake si kiazi. Ni mgumu, wa nyuzi za mti, umeshuka chini, na jembe la mkono unaweza kulikunja ukiushupalia. Hatari yake ni kwamba huamka mapema kuliko nyasi. Mwishoni mwa Machi na Aprili uwanda wote ni wa rangi ya majani makavu, kijani ni yeye peke yake, na ng'ombe aliyekula nyasi kavu miezi mitano hawezi kuipita.

Kila spishi na kalenda yake

Delfinia ndefu ina sumu nyingi zaidi ikiwa changa. Kwa akili ya kawaida ungesema basi majira ya mwanzo ndiyo ya hatari. Sivyo. Ng'ombe hawaipendi ikiwa changa. Huipita wakatafuta nyasi. Hali hubadilika mashada ya maua yanapoanza kurefuka. Hapo ng'ombe huanza kuonja, huongeza maua yakifunguka, na hula kwa pupa viganda vinapojaa. Sumu wakati huo imeshuka kiasi, lakini bado inatosha kuua, na sasa inaingia tumboni kwa wingi. Kipindi hicho ni kama wiki tano, kuanzia kuchanua hadi viganda kukomaa. Viganda vikishapasuka na mbegu kumwagika, sumu ya jani huwa imeshuka sana.

Kwa hiyo kwenye malisho ya barbeyi au occidentale kuna nafasi mbili. Unaweza kuingiza ng'ombe mapema na kuwatoa shada la kwanza linapoanza kunyoosha shingo juu ya majani. Au unangoja viganda vipasuke, mwishoni mwa Agosti au Septemba kule juu, ndipo uwarudishe. Katikati hapo wapeleke kwenye malisho mengine. Usitumie tarehe ya mwaka jana. Theluji ikichelewa wiki mbili, delfinia nayo huchelewa, na hata kwenye bonde moja upande wa kivuli huwa nyuma ya upande wa jua. Mimi hufunga utambaa mwekundu kwenye kisiki kimoja cha upande wa jua, maana huko ndiko huchanua kwanza, nakipitia kila baada ya siku tatu. Utambaa huo ndio kalenda yangu.

Delfinia fupi inadai kinyume. Hakuna kuingia mapema. Ichelewee, ingiza ng'ombe ikishakauka, na kwa kawaida wakati huo nyasi zimepata nguvu. Mwaka wa theluji nyingi na mvua ya masika uongeze tahadhari, maana huota kwa wingi usio wa kawaida, na pale ilipo nene ndipo ng'ombe hula ya kumwangusha. Geyeri nayo ni hivyo hivyo: usifungue geti mpaka nyasi ziwe za kutosha kumshughulisha ng'ombe.

Unaona sasa kwa nini nilisisitiza spishi. Mtu aliyezoea delfinia ndefu, akahamia ranchi ya uwandani, ataingiza ng'ombe mapema kwa kujiamini kabisa.

Tahadhari nyingine ambayo watafiti waliiandika baada ya kuwakalia ng'ombe siku nyingi: wakati wa mvua na baridi ya ghafla ng'ombe huongeza kula delfinia ndefu. Wingu likijikusanya Julai, usiwaache wajikinge kwenye vichaka vyake.

Kondoo ni habari tofauti. Wanahitaji karibu mara nne ya kipimo kinachomdhuru ng'ombe, ndiyo maana baadhi ya wafugaji hutanguliza kundi la kondoo kwenye vichaka vya delfinia ndefu, wale na kukanyagakanyaga, kisha ng'ombe wafuate. Kondoo hao inabidi wasukumwe na kukusanywa palepale. Ukiwaachia watawanyike watakula kitu kingine. Na hiyo si ruhusa ya kumfungia kondoo mwenye njaa ndani ya delfinia tupu.

Ng'ombe akianguka

Sumu yenyewe hukata mawasiliano kati ya neva na misuli. Dalili huanza na kutetemeka, kutembea kwa kuyumba, magoti ya mbele kukatika, kisha kulala. Kifo huja kwa sababu misuli ya kupumua imelegea, na tumbo lililojaa gesi huharakisha. Yaweza kuwa ni suala la saa chache.

Kosa kubwa ni kumswaga ainuke. Kila hatua unayomlazimisha inamaliza nguvu aliyobaki nayo ya kupumua. Mwache atulie, ondoa mbwa, ondoa farasi. Kama amelala ubavu, mgeuze akalie kifua, miguu imekunjwa chini yake, na kichwa kielekee upande wa juu wa mteremko ili gesi ipate kutoka. Daktari wa mifugo anaweza kumchoma neostigmini, ambayo huirudisha misuli kwa muda. Wakati mwingine sindano inabidi irudiwe, kwa hiyo akiinuka usimpigie vigelegele na kumfukuzia zizini. Waliobaki kundini waondoe pale polepole, kwa mwendo wa kula.

Kuichimba na kuipulizia dawa

Pale kichaka ni kidogo na jembe lipo, chimba. Kwa delfinia ndefu ni lazima utoe kile kisiki chenye macho ya kuchipua, sentimita 15 hadi 20 kwenda chini. Ukikata juu yake umepogoa tu, mwakani itatoa mashina mengi zaidi. Delfinia fupi hazichimbiki kwa eneo kubwa, ni nyingi mno, na kwa sababu ya kile kishingo chembamba utabaki umeshika majani.

Dawa za magugu zipo zinazofanya kazi, nazo hutofautiana kwa hatua ya ukuaji: metsulfuroni hufaa mche ukiwa bado wa majani, pikloramu hushika hata baadaye. Soma kibandiko cha chupa, na kwenye ardhi ya umma omba kibali kwanza. La kukumbuka kuliko yote ni kwamba mche uliopuliziwa hubaki na sumu, wakati mwingine sumu huongezeka, na ukianza kunyauka huweza kumvutia ng'ombe aliyekuwa akiupita. Usirudishe ng'ombe mpaka mabua yamekauka kabisa.

Kabla ya kupulizia chochote karibu na pwani ya California, simama. Huko kuna delfinia nyekundu zinazochavushwa na ndege wavumaji, na kuna mbili, Delphinium bakeri na Delphinium luteum, ambazo tangu mwaka 2000 ziko kwenye orodha ya Marekani ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Luteum ni ya manjano, huwezi kuikosea. Bakeri ni ya buluu kama mamia ya wenzake, na hapo ndipo kisu na jembe havitoshi, mwite mtaalamu wa mimea.

Na za kwetu

Nilikulia Makete, chini ya uwanda wa Kitulo, ule ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu na ambao tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Miaka yote ile tulipita kwenye maua meupe yenye kikwaru kirefu bila kuyajua jina. Ni Delphinium leroyi. Ua ni jeupe au buluu iliyofifia sana, lina harufu nzuri, na kikwaru chake ni kirefu na chembamba. Dada yake, Delphinium macrocentrum, yuko zaidi kwenye milima ya Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania. Huyo ua lake ni la buluu kali inayoingia kijani, rangi ambayo picha haiitendei haki, lina vinyweleo, na kikwaru chake ni kinene, kimenyanyuliwa juu. Ukishika yote mawili hutachanganya tena: jembamba leupe lenye harufu, na nene la buluu-kijani.

Kwetu nyumbani kitu cha kuangalia zaidi kiko kwenye mashamba ya maua. Delfinia za bustani zinazolimwa nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya kuuza mashada zina alkaloidi za ukoo ule ule. Mabua na majani yanayokatwa wakati wa kufungasha yasiende kwa ng'ombe wa maziwa, hata kama ni kiangazi na jirani ameyaomba kwa magunia. Yafukie au yaozeshe kwenye shimo lililozungushiwa uzio.

Unapotaka kutambuliwa mche wowote kati ya hii, usilete ua peke yake kwenye mfuko wa plastiki, litafika limeoza. Chimba mche mzima na mzizi wake, kung'uta udongo, usiuoshe. Ukunje mara moja au mbili uingie kwenye gazeti kavu, jani moja likitazama juu na jingine chini. Ukiwa na ua na kiganda, weka vyote. Kata kipande cha shina karibu na ardhi ukilaze pembeni ili uwazi wake uonekane. Juu ya gazeti andika tarehe, mwinuko, aina ya udongo, mimea iliyokuwa jirani, na kama ng'ombe walikuwa wameigusa. Lile la mwisho watu hulisahau, na ndilo afisa ugani atakalokuuliza kwanza.